Gololi Inayoingia kwa Urahisi

Machi 4

Kosa wanalofanya wengi ni kuchagua gololi inayoingia kwa urahisi. Mtu anashika bastola ya kale, ile ya silinda yenye vyumba sita, anamimina baruti nyeusi chumbani, anaweka gololi juu yake, gololi inateleza na kutulia, naye anafurahi kama aliyepata kiatu cha saizi yake. Hajui kwamba hatari imeanzia hapo hapo. Kwenye bastola ya namna hii, gololi njema hukataa kuingia. Inatakiwa iwe kubwa kuliko mdomo wa chumba kwa kiasi cha unywele. Ukiibana kwa mkono wa kushindilia, ule wenzo wa chuma ulio chini ya mtutu, ukingo wa chuma huinyoa, na pete nyembamba ya madini ya risasi huanguka mezani. Pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba chumba kimezibika na moto hauna pa kupenya.

Naandika haya kwa sababu leo nimekabidhi kalibu yangu ya kumiminia gololi. Macho yangu yana ukungu, mikono inatetemeka, na paa la kibanda changu cha kuyeyushia linavuja. Tone moja la maji likiangukia risasi iliyoyeyuka, sufuria nzima hukurukia usoni. Nilifundisha fizikia na kemia mpaka nikastaafu, na jambo hilo niliwaambia hata watoto ambao hawakuniuliza. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi wa magurudumu na karakana yake ina paa zima. Kuanzia msimu huu ndiye atakayemimina gololi za chama chetu cha silaha za kale. Aliipokea kalibu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha akaitia mfukoni pamoja na misumari.

Chama chetu ni kidogo, vibali vyote tunavyo, na tunapiga shabaha za mbao kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Binti yangu anatushinda wote. Bastola anayotumia ilikuwa ya baba yangu. Mvua zikikatika tutakuwa na shindano.

Machi 7

Mvua tangu asubuhi. Nimesoma gazeti la juzi.

Machi 9

Binti yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu uani, aliteleza kwenye kizingiti cha jiko langu akiniletea chai. Aliinuka akicheka. "Baba, hata sakafu yako inanitania." Nikamuuliza kama ameumia. Akasema kilichoumia ni kikombe.

Machi 15

Mkwe ameleta kopo la kwanza. Nilitoa gololi moja nikaidondosha kwenye sahani ya bati. Ililia kama kengele ndogo. Risasi safi hailii hivyo, hutoa mshindo mzito uliokufa.

"Umepata wapi risasi hii?"

"Vile vipande vya kusawazishia magurudumu, Mzee. Karakana imejaa. Bure kabisa."

"Hivyo vimechanganywa na antimoni ili viwe vigumu. Weka ukucha hapa. Umeacha alama?"

Akaweka ukucha. Hakuna alama. "Lakini ona inavyong'aa," akasema. "Risasi ni risasi, Mzee. Hata ubao utapenda kupigwa na kitu kizuri."

Nikamweleza, pengine kwa urefu zaidi ya alivyotaka, kwamba bastola hizi zilitengenezwa kwa risasi laini. Risasi laini hunyolewa na chumba, kisha hujipanua kidogo na kushika mifereji ya mtutu. Ile ngumu hugoma, na mkono wa kushindilia ndio unaolipa kwa ugomvi huo. Alisikiliza huku anatazama mvua, akaniambia atalifikiria.

Machi 18

Kama nilivyosema. Kinyozi, jirani yetu na mwanachama mwenzetu, amekuja kulalamika. Alijaribu kuzishindilia hizo gololi ngumu mpaka parafujo ya mkono wa bastola yake ikapinda. "Mwalimu, nimebana mpaka nimetoa jasho la harusi. Mkweo anatengeneza vito au gololi?"

Mkwe alikuwepo. Hakucheka. Alisema atatafuta dawa yake.

Machi 22

Binti alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Nilidhani kwamba wa kulia umeshika simu.

Machi 29

Dawa imepatikana, nami tangu jana sina amani.

Gololi mpya zimekuja. Zinang'aa vilevile, zinalia vilevile, ila kinyozi anazisifu kila anayekaa kitini kwake. Anasema zinaingia zenyewe, hata mtoto anaweza kuzishindilia. Niliposikia neno "zenyewe" nikainuka, nikaomba silinda ya baba yangu ikiwa tupu, nikaielekeza mdomo juu na kuweka gololi moja. Haikusubiri kidole changu. Ilizama, nikaisikia ikigonga chini.

Nilimuita mkwe.

"Hii si kalibu yangu."

"Ni ya marehemu mjomba. Ya gobori lake."

Sasa nikaelewa. Gobori ni bunduki ndefu ya kushindilia kwa mdomoni, na mkwe alifundishwa nayo porini akiwa kijana. Gololi ya gobori hufanywa ndogo makusudi, kwa sababu huvishwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kinachojaza nafasi kati ya gololi na mtutu. Waliokulia kwenye gobori hupenda gololi inayopita kwa ulaini, na kwenye gobori wana haki. Lakini bastola ya silinda haina kitambaa. Gololi yenyewe ndiyo kizibo. Isitoshe, gobori lina chumba kimoja tu. Silinda ina vyumba sita vilivyokaa bega kwa bega, vyote na baruti. Gololi ikilegea, moto wa chumba kinachopigwa unaweza kuchungulia kwa jirani yake. Jirani akiwaka, haelekei kwenye mtutu. Anaelekea kwenye chuma cha bastola, au kwenye mkono wa aliyeishika.

Nilimwambia yote hayo.

"Tunapaka grisi juu ya gololi, Mzee. Grisi itaziba."

"Grisi ni ya kulainisha masizi ya baruti. Gololi ya kwanza tu ikitoka, joto na upepo wake huikomba grisi ya jirani. Utabaki umeziba mlango kwa siagi."

"Jumamosi tulipiga siku nzima. Hakuna kilichotokea."

Hilo ndilo linalonitisha. Kitu hiki kinaweza kukutii mara nyingi sana, kikakujengea imani, halafu siku moja tu kikakataa.

Machi 31

Nimezungumza na binti yangu. Nilimwambia mume wake ni mzembe. Alifuta kwanza meza iliyokuwa safi tayari.

"Baba, unamwonea."

"Namwonea kwa kupima?"

"Kwa kumfundisha kila anapofungua mdomo. Mimi ndiye ninayepiga, si yeye. Na mimi nazitaka hizo hizo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nyepesi kushindilia."

Aliondoka kabla sijauliza zaidi. Gololi zangu amezishindilia kwa miaka, akiimba.

Aprili 3

Mvua. Nashukuru. Ikinyesha hawaendi machimboni.

Aprili 6

Mvua.

Aprili 8

Kinyozi alininyoa leo. Akaniuliza kama si bora tuachane na gololi tutumie zile ndefu zenye ncha, maana zinaonekana za kisasa. Nikamwambia zina uzito zaidi, kwa hiyo zinailazimisha bastola kuukuu kubeba kishindo zaidi. Pia ni rahisi kuingia zikiwa zimeinama, na iliyoinama hutoka ikiyumba. Gololi ya mviringo haina mbele wala nyuma, kwa hiyo huwezi kuiweka vibaya. Kinachobaki ni ukubwa na ulaini wake tu.

"Kwa hiyo ukubwa."

"Na ulaini."

"Mwalimu, wewe una hofu. Tulia, wembe uko shingoni."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini niliitazama mikono yake kwenye kioo, ile mikono inayozunguka sikio la mtu bila kuligusa, na sikuweza kuacha kuitazama.

Aprili 12

Mawingu yanapungua. Sipendi.

Aprili 14

Anga jeupe. Binti amesafisha bastola. Nilimwona kupitia dirishani akiipangusa, ameilaza mapajani badala ya kuishika. Nilifikiri amechoka.

Aprili 19

Nitaandika kwa mpangilio.

Jua lilitoka tangu alfajiri na chama kizima kikaenda machimboni. Ardhi ilikuwa bado imelowa na hewa nzito haina upepo. Kuna meza ndefu ya mbao ambapo kila mtu hujaza silaha yake, mdomo ukielekea ukuta wa mawe. Nilipita nyuma ya meza hiyo kama nilivyokuwa nikipita nyuma ya madawati. Natafuta kitu kimoja tu wakati huo. Natafuta pete.

Mezani hapakuwa na pete hata moja. Palikuwa na grisi, na vitambaa, na soda ya mtu. Mbao zilikuwa safi.

Binti yangu alikwisha kujaza na kuvisha fataki, yaani vile vikofia vidogo vinavyopigwa na nyundo ili kuwasha baruti. Alikuwa amesimama mstarini, kinyozi upande wake wa kulia. Nikamwambia, "Shusha."

Hakugeuka. "Baba, mbele za watu?"

"Shusha bastola. Hapa sisemi kama baba yako. Nimeiona meza."

Mkwe akaja. "Mzee, tulishaongea."

"Tuliongea. Hatukusikilizana."

Binti alishusha, taratibu, akaielekeza chini mbele yake. Shavu lake lilikuwa linacheza kwa hasira. Na kinyozi, ambaye hawezi kuuacha ukimya ukae, akasema, "Mwalimu, ngoja nikuonyeshe kwa vitendo, utulie." Akainua bastola yake kwa mikono miwili, wa kushoto ukiwa umetangulia chini ya mtutu, namna ambayo tumemkataza mara nyingi. Akapiga. Ubao ukaruka. Akatabasamu bila kugeuka.

Akapiga ya pili.

Mlio haukuwa ule wa siku zote. Ulikuwa mpana, kama bati la paa linapochanwa na upepo. Moshi mweupe ukatoka mbele na pembeni, na kwa kuwa hewa haikuwa na upepo, ukasimama pale pale. Sikumwona kinyozi. Sikumwona binti yangu. Nilijua tu kwamba alikuwa upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kushikana mikono, na kwamba kitu fulani kilikuwa kimetoka kuelekea upande usiojulikana. Nilimwita. Nikaupapasa moshi kwa mikono miwili.

Kisha nikasikia, "Baba, niko hapa. Niko mzima."

Moshi ulipopungua tulimwona kinyozi amesimama vilevile, anautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni kitu amepewa amshikie mtu. Vyumba vitatu vilikuwa vimewaka kwa pamoja. Gololi moja ilipita mtutuni. Ya pili ilitoka pembeni mwa mtutu, ikalivunja jiwe mbele ya miguu ya binti yangu. Ya tatu iligonga chuma cha bastola, ikapasuka, na kipande chake kikapita kwenye nyama chini ya kidole gumba. "Hiki ndicho kinachoshika kitana," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaketi kwenye kokoto.

Wengine walimfunga na kumpeleka hospitali. Tukabaki sisi watatu, na bastola ya baba yangu ikiwa bado imejazwa.

Mkwe aliichukua kutoka kwa binti. Akatoa fataki moja moja akiziweka mbali, akaichomoa silinda, akaiinamisha juu ya meza ili atafute namna ya kuzitoa gololi. Hakuhitaji namna. Gololi ya kwanza ilibingirika yenyewe ikatoka, ikafuatwa na grisi, na baruti ikamwagika nyuma yake kama chumvi.

"Imetoka yenyewe," akasema.

Akakaa kwenye jiwe lililolowa, silinda mkononi. "Nilimpa mke wangu hii," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimpa hii."

Aprili 20

Mkwe amekuja asubuhi, hajanyoa. Aliweka kalibu zote mbili mezani kwangu.

"Mzee, nina neno, na nimekatazwa kulisema."

"Na nani?"

"Na binti yako. Mkono wake wa kulia, kifundo. Tangu alipoteleza jikoni kwako haujapona. Hawezi kubana. Zile ngumu zilipokuja, alilia nyuma ya nyumba ili usimsikie. Alisema ukijua utamtoa kwenye shindano. Nikawaza, nimtafutie zinazoingia bila nguvu."

Nikaikumbuka birika iliyoshikwa kwa mkono wa kushoto, na bastola iliyolazwa mapajani. Msimu wote nilimhesabu huyu kijana kuwa mtu asiyefikiri. Alikuwa amefikiri sana, ila kuanzia mwisho usio sahihi. Alitafuta gololi ya kuufaa mkono, badala ya kutafuta namna ya kuusaidia mkono uifae gololi.

"Keti," nikamwambia. "Umekunywa chai?"

Binti aliingia akatukuta tumekaa. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akajua. "Umesema."

"Nimesema."

"Mbea wewe." Akakaa katikati yetu, akaweka kifundo mezani ili nikione. Kilikuwa kimevimba kama kiazi. Leo amekwenda kwa daktari, na amefungwa bandeji.

Aprili 23

Mkwe amepata bomba kuukuu za risasi kwenye nyumba inayobomolewa. Amekata na kutupa maungio, maana pale kuna bati lililotumika kuunganishia, nalo huifanya risasi iwe ngumu. Ukucha ukiweka, unaacha mfereji. Gololi ikianguka sahanini, inasema du, basi. Amemimina kwa kalibu yangu chini ya paa zima, milango wazi ili mvuke utoke, na alinawa mikono kabla ya kula bila kuambiwa.

Aprili 27

Amechomelea kigoda cha kushindilia. Silinda huchomolewa, husimamishwa juu ya kigoda, na gololi hubanwa kwa mpini mrefu kama wa jeki. Nikaanza kueleza kwamba mpini ukirefuka nguvu inayohitajika hupungua kwa uwiano ule ule. Binti akasema, "Baba, jeki anaijua." Nikamwachia binti mpini. Alibana kwa mkono wa kushoto. Tulisikia ule mkwaruzo mdogo, na pete ikaanguka. Mkwe aliiokota akaivisha kwenye kidole kidogo cha mkewe. Ilikatika hapo hapo. Walicheka mpaka nikatoka nje kuwaachia nafasi.

Mei 4

Tunakusanya makopo ya zile gololi ndogo. Mkwe anakwenda nyumba kwa nyumba, anajieleza, anatukanwa kidogo, anarudi nazo. Kinyozi alitoa lake mwenyewe. Kidole gumba hakikunji bado, na daktari hajaahidi kitu. Mtu mwingine anashika mkasi dukani kwake. "Ananyoa kama anafyeka," kinyozi akaninong'oneza. "Usimpe kichwa chako, Mwalimu, kina mambo mengi." Macho yake hayakucheka.

Mei 9

Kopo moja halijapatikana. Mkwe alimpa mteja aliyekuwa safarini, mtu mzima aliyesimama kubadilisha gurudumu, akaona gololi mezani na kusema naye ana bastola kama hizo nyumbani. Hakuacha jina. Mkwe anakumbuka koti lake la kijivu tu.

Tangu hapo kila mlango wa gari ukibamizwa barabarani, nashituka. Namfikiria mtu yule akiwa uani kwake, watoto wake wakimtazama, gololi ikizama bila kusubiri kidole, naye akifurahi.

Mei 17

Mvua zimekatika. Shindano limefanyika. Binti alipiga kwa mkono wa kushoto na akawa wa tatu. Kabla hajapiga alinionyesha pete sita kwenye kiganja chake. Hata hivyo niliposikia mlio wa kwanza nilifumba macho, na nikayafumbua baada ya wa mwisho. Sitarajii kupona haraka.

Mei 18

Mkwe ameniomba ukurasa mmoja aubandike ukutani karakanani, pale wateja wanapoketi kusubiri magurudumu yao. Huenda mwenye koti la kijivu akapita tena, au mtu anayemjua. Nilianza kuandika maelezo marefu, ya antimoni, ya mifereji, ya kitambaa cha gobori. Binti akasoma juu ya bega langu. "Baba, gurudumu halichukui muda wote huo." Kwa hiyo nimeandika hivi tu, kwa herufi kubwa:

Leo, chomoa silinda ya bastola yako ikiwa tupu, weka gololi moja kwenye mdomo wa chumba, uisukume kwa kidole gumba. Ikiingia, usiitumie: irudishe hapa.